Spika Inayomtazama Mwimbaji

Mara ya kwanza Kaka alipotumwa kununua monita, alirudi na spika mbili za besi. Mara ya pili alirudi na mikisa mpya ya kuchanganyia sauti, yenye vitufe vingi kuliko watu waliokuwa wakija kuwasikiliza. Mara ya tatu Chiriku akasema basi, safari hii anakwenda naye bega kwa bega, na wakitoka kule dukani bila monita, bendi ijitafutie mwimbaji mwingine.

Monita yenyewe si kitu cha ajabu. Ni spika tu, fupi, imekatwa mshazari, inalala sakafuni jukwaani na uso wake unamtazama mwimbaji badala ya kuwatazama watu. Kazi yake ni moja, kumrudishia mwimbaji sauti yake ajue anaimba nini. Bendi za maana zinazo sita, nane, hata kumi. Bendi ya Kaka haikuwa nayo hata moja ya kusingizia, na Chiriku alikuwa ameiimbia miaka sita kama mtu anayeita kutoka ndani ya mashine ya kusaga.

Chiriku walimwita tangu utotoni kwa sababu hakuwa na breki ya mdomo. Akifua anaimba, akitumwa dukani anaimba, akichapwa analia kwa mahadhi. Kaka alikuwa mkubwa wake kwa miaka tisa, wa tumbo moja, fundi wa redio na televisheni, na ndiye aliyeiunda bendi ili yule mdogo wake apate pa kuimbia. Yeye mwenyewe haimbi wala hapigi chombo. Bendi ikipiga, yeye anakaa chini upande wa watazamaji, nyuma ya mikisa, hedifoni masikioni, anaongeza hiki anapunguza kile. Waliobaki walikuwa watatu tu. Besi alipiga dereva wa lori waliyemwita Ngurumo, gitaa alipiga mwalimu wa hesabu, na dramu zilipigwa na fundi cherehani mmoja mwembamba ambaye huwezi kuamini ubaya anaoweza kumfanyia mtu kwa vijiti viwili.

Mazoezi walifanyia kwenye stoo nyuma ya nyumba ya mama yao. Ukutani walikuwa wameegemeza magodoro mabovu ili majirani wasije na mapanga. Ilikuwa ni vita mle ndani. Wanaanza vizuri, kila chombo mahali pake, halafu Ngurumo anaona hajisikii, anainama kama anayefunga kamba ya kiatu, anakipandisha kitufe chake kidogo. Mwalimu naye hajisikii tena, anapandisha chake, kidogo tu, anaapa. Fundi Cherehani hana kitufe, kwa hiyo anapandisha mabega. Nyimbo tatu zikiisha, Chiriku hasikii hata kama mdomo wake umefunguka. Anasikia mifupa ya kichwa chake inatetemeka, anakisia kwamba anaimba, anasukuma.

"Kaka, mimi sijisikii!"

"Huku mbele unasikika vizuri sana," Kaka anajibu, kidole gumba juu.

Jibu hilo Chiriku alikuwa amelisikia mpaka akawa analiota. Unasikika vizuri sana. Watu nao walimsifu, wanakuja baada ya onyesho wanamshika mikono, sauti asali, dada, sauti asali. Mama yake peke yake ndiye ambaye hakusifu. Mama masikio yalikuwa yamepungua, na ndiye mtu pekee mtaani ambaye hakuwahi kulalamikia mazoezi yao. Siku moja alikuwa akianua nguo, mazoezi yanaendelea, Chiriku alipotoka kunywa maji akamwambia, "Zamani ulikuwa unaimba, mwanangu. Siku hizi unagomba."

Chiriku alicheka. Baada ya miezi miwili hakucheka tena, kwa maana aliamka asubuhi akataka kumwita mtoto wake na hakuna kilichotoka. Alikwenda kwa daktari wa koo. Daktari, mwanamke mkavu asiye na utani, alimwingizia kioo kidogo mdomoni, akamwangalia, akavua glavu.

"Pana uvimbe, na vinundu viwili vimeshaanza. Unafanya kazi gani?"

Chiriku akaandika kwenye karatasi: Naimba.

"Unaimba au unapiga kelele?" Daktari hakungoja jibu. "Mtu asiyejisikia anajipandisha bila kujua. Nyamaza wiki mbili, hata kunong'ona usinong'one. Ukirudi jukwaani, tafuta namna ya kujisikia. La sivyo mwakani hutaimba wala hutapiga kelele."

Karatasi ya daktari alimpa Kaka siku hiyohiyo. Kaka aliisoma yote, akairudia, akaikunja, akasema, "Tutaliangalia." Miezi mitatu ikapita wakiwa bado wanaliangalia.

Kisha ukumbi ukajitokeza. Msimamizi wa ukumbi mmoja mkubwa, wa watu mia mbili, aliwapa Jumamosi na Jumapili zote, alasiri, kwa mwaka mzima. Kwa bendi iliyozoea kuitwa na kuahirishwa, hiyo ilikuwa neema. Lakini baada ya onyesho la majaribio msimamizi aliwaambia jambo moja: wa nyuma hawasikii maneno. Rekebisheni mitambo, halafu tusaini.

Kikao kikafanyika stoo, wamekaa juu ya makasha ya vyombo. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Ngurumo alitaka spika ya besi ya tatu. Fundi Cherehani alitaka maikrofoni moja kwa kila dramu, sita kwa jumla, na mbili za matoazi. Mwalimu alikuwa amechora ukumbi kwenye karatasi ya mraba akaweka mishale, lakini mishale yote ilielekea kwenye gitaa lake. Kaka alisikiliza akasema dawa ni spika mbili ndefu za kuongeza pande mbili, zipige mpaka ukuta wa nyuma.

"Na monita?" Chiriku akauliza.

"Awamu ijayo."

"Awamu ijayo ulisema awamu iliyopita. Na awamu iliyopita ulisema ile iliyoitangulia. Mnajua koo langu lina nini au hamjui?"

"Tunajua, dada," Ngurumo akasema kwa upole.

"Basi mnangoja nini? Lioze?"

Ngurumo alimtazama Kaka. Kaka alikuwa ameokota waya mmoja sakafuni na kuanza kuukunja, na waya wenyewe ulikuwa umeshakunjwa. Chiriku akadhani wameona aibu, na ingekuwa vizuri waone. Alisema maneno mengi siku hiyo, mengine si ya kurudiwa mbele ya watu wazima. Mwisho Mwalimu akainua mkono wa kwanza kuunga mkono monita, Fundi Cherehani wa pili, Ngurumo akafuata huku anaangalia pembeni. Kaka akasema haya, sawa, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa auze kiwanja cha urithi.

Siku ya kwenda dukani Kaka alikuja amechelewa. Halafu akasahau pochi, wakarudi. Halafu akaona afadhali wapitie kwanza mahali akachukue kipuri cha televisheni ya mteja. Chiriku alimfuata kila alikokwenda, amekunja mikono, kimya. Ukimfahamu Chiriku utajua kwamba kimya chake kinatisha kuliko mdomo wake.

Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, anazunguka katikati ya spika zake kama mtu aliye jikoni kwake. Kaka alitaka kuanza kueleza spika ndefu. Mama yule akamkata.

"Kabla hujaniambia unataka nini, niambie mna nini."

Kaka akataja, na kifua kikampanda akitaja. Spika kubwa nne. Besi mbili. Amplifaya tatu. Mikisa ya njia kumi na sita.

"Na ukumbi wa watu wangapi?"

"Mia mbili."

"Mia mbili na mizigo yote hiyo? Mnawapigia watu muziki au mnawafukuza?" Akavaa miwani, akamtazama vizuri. "Tatizo ni nini hasa?"

"Wa nyuma hawasikii maneno," Kaka akasema. "Ndiyo maana nikaona spika ndefu—"

"Wa nyuma hawasikii maneno, lakini kelele wanazisikia. Nina hakika hata barabarani zinasikika. Ukiongeza spika utawaongezea kelele hizohizo. Wenyewe huko jukwaani mnajisikia kwa kutumia nini?"

"Mazoea," Chiriku akasema.

Mwenye duka akamgeukia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Chiriku akahisi kuna mtu mwenzake humu duniani. Yule mama alieleza kwa maneno machache kile ambacho Chiriku alikuwa amekipigia makelele miaka miwili. Kila mwanamuziki asipojisikia, anapandisha. Jukwaa likichafuka, uchafu wote unaingia kwenye maikrofoni ya mwimbaji na kutoka mbele pamoja na maneno. Wape monita, kila mtu ajisikie, watashuka wenyewe. Jukwaa likitulia, maneno yatafika nyuma kwa spika hizohizo mlizonazo. "Hamna haja ya kuongeza mbele hata moja. Ongezeni jukwaani. Nne zikiwezekana, mbili zikishindikana."

"Mbili," Chiriku akasema. "Zifunge."

"Ngoja kwanza," Kaka akasema. Zitapiga mluzi, maana spika ikitazama maikrofoni lazima ipige mluzi. Mwenye duka akamwonyesha zinavyowekwa, mgongo wa maikrofoni uitazame spika, mluzi hakuna. Kaka akasema jukwaa ni dogo. Mwenye duka akampimia kwa hatua, zinaenea. Basi mikisa yao haina pa kuzichomekea, hilo ndilo tatizo, na kubadilisha mikisa sasa hivi itakuwa hasara.

"Mikisa yenu ni ipi?"

Kaka akamtajia, sauti imeshuka.

Mwenye duka akaenda kwenye rafu, akaonyesha nyingine ya aina ileile. Akaigeuza. "Hizi hapa nyuma, matundu manne. Yote ni ya monita. Yenu yako hivihivi."

Chiriku akayatazama yale matundu. Kila moja lilikuwa limezibwa kwa kifuniko kidogo cha plastiki, cheusi, na akakumbuka kwamba vya kwao navyo vilikuwa pale pale, havijawahi kutolewa tangu mikisa inunuliwe. Miezi minane alikuwa akijichana koo mita kumi kutoka kwenye matundu manne. Alihisi machozi yanakuja, na kwa kuwa hakutaka kulia dukani, akakasirika.

"Fundi mzima wa redio," akasema. "Hukuyaona?"

"Niliyaona."

"Niliyaona! Halafu?"

Kaka alilipa, akabeba monita moja kwapani na nyingine begani, akatangulia kutoka. Njia nzima hakufungua mdomo. Chiriku alidhani amenuna kwa kushindwa mbele ya mwanamke wa dukani, akamwacha anune.

Jumamosi walifika ukumbini saa sita mchana, onyesho ni saa tisa. Kufunga mitambo yote kulikuwa kunamchukua Kaka nusu saa, na humo ndani ana nafasi ya kugombana na mtu. Siku hiyo ilimchukua saa nzima na nusu, na bado monita zilikuwa zimelala pale kama mawe ya kusagia. Mara waya ni mfupi. Mara waya ni mbovu. Mara hajui kama waya anao.

"Wewe unatengeneza redio za watu huku unakula," Chiriku akamwambia. "Leo waya mbili zimekushinda?"

Mwalimu ndiye aliyezitoa waya, zilikuwa ndani ya mkoba wa Kaka, chini kabisa, zimefungwa kwa mpira. Akazichomeka yeye mwenyewe. Kaka akarudi nyuma ya mikisa, akavaa hedifoni, akakaa.

Mwenye duka hakuwa amesema uongo. Walipiga wimbo wa kwanza wa kupimia, vyombo vitupu, na kabla haujafika katikati Ngurumo aliinama. Fundi Cherehani akajiandaa kwa mabaya. Ngurumo akakishusha kitufe chake. Akakishusha tena.

"Mtu apige picha," Fundi Cherehani akasema. "Hakuna atakayeniamini."

Mwalimu naye akashuka. Fundi Cherehani akapunguza mabega, na dramu zake zikawa dramu. Msimamizi wa ukumbi, aliyekuwa akipanga viti safu ya mwisho, akainua kichwa akasema sasa ndiyo, sasa huku nyuma muziki ni muziki. Chiriku alishika maikrofoni akawa na furaha ambayo hakujua aipeleke wapi. Alikuwa na haki. Miaka miwili ya kuonekana mkorofi, na kumbe alikuwa na haki.

"Tupige wetu," akasema. Wimbo aliutunga mwenyewe, ndio waliofungulia nao kila onyesho.

Ubeti wa kwanza uko chini, na sauti ikamjia kutoka miguuni, yake mwenyewe, karibu, mpaka pumzi aliyovuta kabla ya neno aliisikia. Alitabasamu akiimba. Ubeti wa pili ukapanda kidogo, naye akapanda nao. Kikaja kiitikio, ambacho kinapanda mpaka juu kabisa, mahali ambapo miaka yote alikuwa akiirusha sauti na kuiacha iende zake. Akairusha. Hapakuwa na kitu. Kulikuwa na hewa, halafu mkwaruzo kama kiti kinachoburutwa, halafu hewa tena.

"Simamisha!" Akainua mkono. "Spika hii mbovu. Yule mama ametuuzia kitu kibovu."

"Badilisheni," Kaka akasema kutoka kule chini, bila kuinua macho.

Wakaiweka ile ya pili. Akaimba kiitikio. Hewa, mkwaruzo, hewa. Wakabadilisha waya. Wakabadilisha maikrofoni, akapewa mpya iliyokuwa bado ina harufu ya boksi. Wakabadilisha tundu nyuma ya mikisa. Kila mara Chiriku alipanda mpaka palepale na kila mara kitu kilekile kilichanika, na kila mara alikuwa na jina jipya la kosa, umeme, joto, vumbi, uzembe wa mtu. Alikuwa akitokwa jasho. Mwisho akamsukumia Mwalimu maikrofoni, "Hebu sema wewe."

Mwalimu akahesabu mpaka kumi. Sauti yake ilitoka safi, kila tarakimu na kona zake. Fundi Cherehani, kwa kutaka kuchangamsha watu, akainyakua akaimba kiitikio chote kwa sauti ya kike ya kubana pua. Alikuwa nje ya mahadhi kabisa, lakini pale juu alifika, na palikuwa pamejaa, hapakuwa na mkwaruzo wowote. Ngurumo akacheka. Kisha akaacha.

Hapo ndipo Chiriku alipowatazama usoni. Alitafuta mtu mmoja aliyeshangaa. Mwalimu alikuwa akikaza uzi ambao haukuwa umelegea. Ngurumo alikuwa akitazama viatu vyake. Fundi Cherehani aliirudisha maikrofoni kwenye stendi taratibu, kwa mikono miwili, kana kwamba ni ya kuvunjika.

"Nyote mlijua," akasema.

Kaka akavua hedifoni, akapanda ngazi za jukwaa, akasimama mbele yake, mikono haina pa kwenda.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mtoto, Kaka. Tangu lini?"

"Mwaka juzi, mwishoni." Alizungumza polepole. "Ilikuwa mkwaruzo mdogo, wimbo mmoja, tena si kila siku. Mimi ndiye niliyeusikia kwanza, kwa sababu nakusikiliza peke yako kwenye masikio haya. Nikakuwekea mwangwi kwenye spika za mbele. Mwangwi ukafunika."

"Na nilipokwambia nunua monita?"

"Ningenunua ungesikia."

"Ndiyo kazi yake!"

"Ungesikia ungeacha kuimba. Nakujua mimi. Uliwahi kukosea mstari mmoja tu, ukakaa wiki tatu hutaki kuiona maikrofoni. Nikasema itapona yenyewe, kidogokidogo, mimi nitafunika mpaka ipone. Hawa nikawaambia wanyamaze."

"Na karatasi ya daktari?"

"Niliposoma ile karatasi nilitaka kukwambia. Nikaona nimeshachelewa."

"Kwa hiyo ukataka kununua spika ndefu."

"Ndiyo," Kaka akasema, na hapakuwa na utani wowote usoni mwake.

Chiriku alitaka kumpiga. Si kwa mfano. Alitaka kumpiga kweli, kwa kiganja, kama alivyompiga siku moja alipokuwa mdogo na Kaka akamvunjia mwanasesere. Alifikiria watu wote wale waliomshika mikono, sauti asali, dada, naye akainama kushukuru, amevikwa kilemba cha ukoka na ndugu yake wa tumbo moja. Alifikiria kila usiku aliokunywa tangawizi ili koo lipone. Lakini kilichomchoma zaidi hakikuwa aibu. Kilikuwa hesabu rahisi, ambayo Mwalimu angeweza kuifanya mwaka juzi kama angeulizwa.

"Sikiliza," akasema. Sauti yake ya kuzungumza nayo ilikuwa imeshakwaruza. "Nilikuwa sijisikii, nikapiga kelele. Kelele ikaichana sauti. Ilivyochanika ukaifunika. Mimi nikaona bado sijisikii, nikazidi. Ulikuwa mkwaruzo mdogo, umesema mwenyewe. Ningeusikia siku ile ningenyamaza mwezi mmoja, ukapona. Umenificha sauti yangu mpaka ikaisha, Kaka."

Kaka macho yalimjaa maji, na hilo nalo lilimuudhi Chiriku, kwa kuwa aliyestahili kulia ni yeye na zamu yake imechukuliwa.

"Mimi nilikuwa nataka uimbe tu," Kaka akasema.

"Najua ulichotaka."

Mlango mkubwa wa ukumbi ukafunguliwa. Watu wa mwanzo wakaanza kuingia, wanachagua viti, wanawekeana nafasi kwa mikoba. Msimamizi akasogea mpaka chini ya jukwaa na makaratasi yake ya kusaini. "Mko tayari?" Bendi nzima ikamtazama Chiriku.

"Tuko tayari," akasema.

Msimamizi alipoondoka aliwageukia. Alizungumza kwa sauti ndogo, kwa kuwa ndiyo iliyobaki. "Leo tunapiga nyimbo tano, basi. Kesho siimbi, mtapiga vyombo vitupu, mtajua wenyewe. Jumatatu Kaka ananipeleka kwa daktari, na atakayeeleza ni yeye, tangu mwaka juzi mwishoni, neno kwa neno. Mwalimu, nyimbo zote zishushe."

"Nizishushe kiasi gani?"

"Mpaka nizifikie."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaanza kutafuta vidole vyake vitakaa wapi.

"Na wewe," akamwambia Kaka, "mwangwi zima wote."

"Mdogo wangu, watu watasikia."

"Wasikie."

Kaka alishuka ngazi. Saa tisa ilipofika viti vilikuwa vimejaa hadi ukutani. Walianza na wimbo uleule, umeshushwa, na ukiwa chini vile ulikuwa wimbo mwingine, mzito kidogo, wa mtu mzima zaidi. Ngurumo alipiga besi kama anayetembea kwenye chumba cha mgonjwa. Ubeti wa kwanza ulipita. Wa pili ulipita. Kiitikio kilipokaribia, Chiriku aliona mkono wa Kaka ukitoka pajani, ukitambaa juu ya mikisa, ukienda palepale ulipozoea kwenda.

"Ondoa mkono, Kaka," akasema kwenye maikrofoni.

Watu wakacheka wakidhani ni sehemu ya burudani. Kaka akauondoa mkono, akaukalia.

Hata baada ya kushushwa, palibaki noti moja ambayo haikuwa na mahali pengine pa kwenda isipokuwa juu. Alipanda nayo. Aliisikia kutoka miguuni ikija, nzima, halafu akasikia ukingo wake unaanza kuchanika, na kila kitu alichojifunza kwa miaka sita kikamwambia asukume. Aliiacha. Nusu ya neno ikaanguka mbele ya watu mia mbili, na mwanamke mmoja wa safu ya kwanza akainua uso. Chiriku akavuta pumzi, akaisikia pumzi yenyewe, na mstari uliofuata akauanzia chini.